Salim, usinunue kanista kwanza

Columbus, Ohio
12 Oktoba

Ndugu yangu Salim,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na watoto huko Atlanta. Huku sote wazima, baridi ndiyo imeanza kupiga hodi.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Corolla ya 2010, taa ya injini imewaka, msimbo wa kosa uliosomwa kwenye kompyuta ya gari ni P0456, gari linakwenda vizuri tu, na gereji wanakutaka ununue kanista nzima, lile kopo la kunasa mvuke wa petroli. Subiri kwanza. P0456 haisemi kanista imekufa. Inasema mfumo wa kuzuia mvuke wa petroli, huo wanaouita EVAP, una mahali pavujapo, na tundu lenyewe ni dogo sana, kama nusu milimita. Ingekuwa P0455, tundu ni kubwa, mara nyingi kifuniko kilichosahauliwa sheli. Misimbo yote miwili haisemi ni kifaa gani kilichoharibika. Kifaa kinajulikana kwa kupima, na nahisi hapo gereji hawakupima.

Mfumo wenyewe si mgumu. Petroli hutoa mvuke hata gari likiwa limeegeshwa. Tangu miaka ya 1970 na 1971, kwanza California kisha Marekani yote, sheria inataka mvuke huo usiachwe uende hewani, maana ukichanganyika na moshi wa magari chini ya jua hutengeneza ozoni inayoumiza mapafu. Basi mvuke hutoka kwenye tangi, hupita kwenye mpira, huingia kwenye kanista, kopo la plastiki lililojaa punje za mkaa, na mkaa unaunasa. Injini ikishapata moto, vali iliyo karibu na injini hufunguka, injini ikanyonya ule mvuke na kuuchoma. Hiyo tuiite vali ya kunyonyea. Upande wa pili wa kanista kuna njia ya kupumulia ambako hewa safi huingia, nayo ina vali yake. Ya kunyonyea hukaa imefungwa mpaka ipate umeme. Ya kupumulia hukaa wazi mpaka ipate umeme. Shika hilo, litakusaidia kila hatua.

Sasa, Corolla yako inajipima usiku. Saa tano baada ya kuzima gari, kompyuta huamka yenyewe na kuwasha kipampu kidogo kilichofungwa pamoja na kanista. Ukisikia mngurumo mwembamba chini ya gari usiku wa manane, usiogope, ndicho hicho. Kwanza pampu hunyonya hewa kupitia kitundu cha kiwandani cha inchi 0.02, yaani ile nusu milimita, kompyuta inaandika mvuto uliopatikana. Kisha vali ya kupumulia inafungwa, pampu inanyonya tangi lote. Mvuto wa tangi ukishindwa kufikia ule wa kitundu, maana yake mfumo unavuja zaidi ya inchi 0.02. Mwishoni vali ya kunyonyea hufunguliwa kuona kama hewa itaingia upesi inavyopaswa. Kipimo hakianzi kama tangi limejaa zaidi ya asilimia 90, wala kama joto liko nje ya nyuzi 4 hadi 35 hivi za Selsiasi. Injini ikiwa bado ya moto baada ya saa tano, hungoja hadi ya saba, kisha saa tisa na nusu. Ndiyo sababu taa hii huja na kuondoka kwa siku zake, na watu wakadhani gari lina mapepo.

Anza na kifuniko cha tangi kwa kuwa ni cha bei ndogo na mkono unakifikia. Tazama mpira wake kwenye mwanga: ufa, bapa upande mmoja, au mchanga. Pangusa mpira na mdomo wa tangi kwa kitambaa kikavu, usipake grisi. Funga mpaka kilie. Ukibadilisha, chukua cha Toyota. Kifuniko kina vali ndani yake ya kuruhusu hewa kwa shinikizo maalumu, na vya bei poa mara nyingi havishiki shinikizo hilo.

Kisha vali ya kunyonyea. Usiku injini imezimwa, kwa hiyo vali isiyofunga sawasawa ni tundu kama tundu lingine. Washa injini ipate moto, iache ingurume bila kukanyaga mafuta, chomoa soketi ya umeme ya vali, kisha chomoa mpira unaotoka upande wa kanista na uweke kidole kwenye vali. Ukihisi kunyonywa wakati umeme haupo, vali imekwama wazi. Mvujo mdogo kidole hakiusikii, hivyo ifungue, ipulize kwa mdomo kupitia kipande cha mpira safi: hewa isipite hata kidogo. Ipe volti 12 za betri, isikike ikigonga na hewa ipite. Kwa mita ya umeme koili isome ohm ishirini na kitu hadi thelathini na kitu. Ikisoma sifuri au isisome kabisa, imekwisha. Dalili nyingine ni gari kuchelewa kuwaka ukitoka kujaza mafuta, kwa sababu injini inamezeshwa mvuke kabla haijawa tayari.

Ukikuta vumbi jeusi au punje ndani ya vali, hapo kanista imepasuka kwa ndani na inamwaga mkaa. Kubadilisha vali peke yake ni kupoteza fedha, itakwama tena. Kanista ibadilishwe, na bomba lipulizwe likiwa limechomolewa pande zote mbili. Hii ndiyo hali ambayo gereji yako ingekuwa sahihi, lakini waambie wakuonyeshe hizo punje.

Upande wa kupumulia huziba zaidi kuliko kuvuja. Vumbi, tope, hata buibui: mwaka 2011 Mazda iliyaita magari ya Mazda6 yarudi kwa sababu buibui wa manjano walikuwa wakifuma utando ndani ya njia hii, hewa ikakosa kuingia na tangi likawa hatarini kupasuka. Dalili utaiona sheli, pampu inajikata kila baada ya lita chache. Kama Corolla inapokea mafuta bila tabu, huko pita haraka.

Vyote hivyo vikiwa vizima, ni zamu ya mashine ya moshi, inayojaza moshi kwenye mfumo ili uonekane unapovujia, na hapa usikubali mtu akukisie. Tangi liwe kati ya robo na nusu. Moshi uingizwe kwenye bomba la vali ya kunyonyea, na vali ya kupumulia ifungwe kwa skana, kile kifaa cha kuzungumza na kompyuta ya gari, la sivyo moshi wote utatokea huko na fundi atakwambia kanista inavuja. Shinikizo lisizidi inchi 13 za maji, yaani nusu psi tu, kipimo kilekile cha upepo wa tairi. Tairi lako lina psi 30 na kitu, pima mwenyewe tofauti. Hewa ya kompresa moja kwa moja ni marufuku: itapasua mipira mizima, na oksijeni ndani ya tangi lenye mvuke ni mwaliko wa moto. Mashine nzuri hutumia naitrojeni. Kifuniko kiachwe wazi kwanza mpaka moshi utoke mdomoni, ndipo kifungwe na tochi kali ianze kazi.

Pa kutazama zaidi ni chini ya kiti cha nyuma, juu ya pampu ya mafuta. Uliniandikia pampu ilibadilishwa mwaka jana, na hapo mimi ndipo ninapopashuku kuliko kote. Oringi ya pampu, ile pete ya mpira ya kuzibia, hairudishwi mara mbili. Ikishakaa kwenye petroli huvimba, ukiirudisha inajikunja mahali pamoja, na mkunjo huo unatosha kabisa kwa P0456. Oringi mpya ni kitu kidogo. Chomoa nguzo hasi ya betri, fungua milango yote, kizima moto kiwe mkononi, pangusa mchanga kabla ya kufungua. Baada ya hapo tazama bomba la kujazia nyuma ya gurudumu. Kama gari lilitoka majimbo ya theluji, chumvi ya barabarani hula chuma hicho chini ya kibanio, mahali jicho halifiki bila kukifungua.

Jambo la sheli: pampu ikijikata, acha. Anayeongeza mpaka mafuta yaonekane anapeleka petroli ya maji kwenye kanista iliyotengenezwa kubeba mvuke, na mkaa ukilowa unaweza usirudi tena katika hali yake. Na ukipiga simu nyumbani, fundi atakwambia, "Ziba tu mpira, ya nini kuhangaika?" Huko Atlanta kung'oa au kuziba mfumo huu ni kosa kisheria, na taa itabaki palepale.

Usifute msimbo siku moja kabla ya ukaguzi wa moshi. Kaunti 13 za Atlanta husoma kompyuta, na ukifuta, vipimo vyote vya gari hurudi kuwa havijakamilika. Kwa magari ya 2001 kuja mbele huruhusiwa kimoja tu ambacho hakijakamilika, na EVAP ndicho kinachochelewa kuliko vyote. Ukishatengeneza, endesha siku kadhaa, nusu tangi, uliache lilale usiku kucha bila kuguswa. Kipimo kikifaulu safari tatu mfululizo, taa itazima yenyewe.

Gereji wakilipima gari kwa mashine ya moshi, waombe picha ya mahali moshi ulipotokea na unitumie. Kama ni oringi, nijulishe usiku huohuo.

Ndugu yako,
Athumani