Simu yako ishike mwenyewe

Kikuyu, Dodoma
Julai

Dada yangu mpendwa,

Asalaam aleikum. Natumai barua hii inakukuta salama, wewe na wote hapo Kondoa. Sisi huku hatujambo. Upepo wa Julai unavuma na vumbi lake, darasa zima linakohoa, lakini kazi inaendelea.

Mwanao amenipigia akanieleza yote. Amenieleza ya hospitali, kwamba ni presha ya macho, kwamba imeshachukua sehemu kubwa ya kuona kwako na kilichochukuliwa hakirudi. Nililia sana, dada. Kisha akaniambia kuwa amekununulia simu janja, na kwamba anayeishika ni mjukuu wako. Yeye ndiye anayekusomea meseji, anayekutumia hela, na namba ya siri anaijua. Aliposema hilo nikajua siwezi kusubiri mpaka likizo, lazima nikuandikie.

Mjukuu wangu, wewe unayemsomea bibi, ahsante sana, Mungu akukuze. Kazi yako imekaribia kwisha. Ingia kwenye Mipangilio, tafuta sehemu ya Ufikivu, humo utaikuta TalkBack, programu inayosoma kwa sauti kilicho kwenye kioo. Kabla ya kuiwasha, nenda kwenye mipangilio ya kusoma maandishi kwa sauti, chagua Kiswahili, pakua sauti yake. Inakula bando kidogo tu. Punguza na kasi ya usomaji. Ukishaiwasha TalkBack, weka njia ya mkato, ili bibi akibana vitufe viwili vya sauti kwa pamoja kama sekunde tatu, iwake au izimike. Kisha rudi hapa, gusa ujumbe unaofuata mara moja, mpe bibi simu yake, uende ukacheze. Usibaki mlangoni.

Dada, sasa tumebaki wawili. Sauti hii ni ya simu, lakini maneno ni yangu. Barua nimeikata vipande, kila kipande ni ujumbe wake. Ukimaliza kimoja, weka kidole popote juu ya kioo ukiteleze kwenda kulia, utasikia kinachofuata. Ukitaka kurudia cha nyuma, teleza kwenda kushoto. Akiingia mtu chumbani, gusa kioo kwa vidole viwili kwa pamoja mara moja, sauti itanyamaza. Haya, teleza.

Umefika. Hicho ulichofanya ndicho ninachofanya kutwa nzima, mimi nisiyeona. Ukipapasa kioo kwa kidole kimoja, simu inakutajia kilicho chini ya kidole. Ukikisikia unachokitaka, gonga mara mbili kwa haraka, popote kwenye kioo, nacho kitafunguka. Kupandisha ukurasa ni vidole viwili. Kwa wiki za mwanzo hayo yanatosha, usikubali mtu akujaze mengine. Kidole kitateleza kisivyo, simu itafungua usichokiita, utatamani kuitupa. Ibane ile alama ya kurudi nyuma, uanze tena. Sauti nayo hukosea majina ya kwetu, na mengine utayabahatisha mpaka uizoee.

Nataka nikuambie kwa nini nimeng'ang'ania hili, maana najua utasema mjukuu ni damu yako na huna siri naye.

Miaka ile ya simu za vitufe, meseji zangu zote nilisomewa. Walimu wenzangu walinisomea, wanafunzi walinisomea, hata muuza vocha. Siku baba alipofariki, kaka alituma meseji kwa sababu mtandao ulikuwa mbovu na simu haikupita. Aliyekuwa karibu ni mtoto wa jirani, darasa la tatu. Nikampa simu anisomee. Akasoma kwa kukata silabi, ba-ba a-me-fa-ri-ki, halafu akanyamaza, akaanza kulia yeye kabla yangu. Nikaanza kumbembeleza yule mtoto. Msiba wa baba yangu niliuanza kwa kumfuta machozi mtoto wa watu. Tangu siku hiyo nimeamini kwamba kuna habari ambazo mtu anapaswa kuzipokea peke yake kwanza, akapumua, ndipo awaambie wengine. Mjukuu wako ana umri gani, dada? Akikuta meseji ya majibu ya hospitali, au ya mkopo, au mwanao na mkewe wamegombana wakakuandikia wewe, aisome yeye?

Na wewe unalijua hili kuliko mtu yeyote. Pale chuoni Mpwapwa ulinisomea vitabu vya saikolojia ya elimu usiku baada ya usiku, ukiniwekea kwenye kaseti nami nikizinakili kwa nukta nundu, maandishi yetu ya kusoma kwa vidole, kwa mashine ya Perkins mpaka wenzetu bwenini wakalalamika kelele. Barua zangu za nyumbani ulizisoma, na hukuwahi kutoa neno nje. Nilikuwa na bahati ya kuwa na wewe. Lakini hata kwa mtu mwaminifu kama wewe, kulikuwa na barua niliyokaa nayo siku nzima bila kukupa, kwa sababu sikutaka uione sura yangu wakati barua inasomwa. Hukuwahi kuniuliza, na sikuwahi kukuambia.

Teleza.

Hii ya leo hatukuiota. Simu za kioo zilipoingia wengi wetu tuliogopa. Kioo kilaini hakina kitufe cha kupapasa, tukaona ndiyo mwisho wetu. Mwaka 2009 Apple waliweka VoiceOver, kisoma skrini chao, kwenye iPhone 3GS, na mwaka huohuo TalkBack ikaingia kwenye Android, ila Android ilichukua mpaka 2011 ndipo ikamruhusu asiyeona kupapasa kioo kama ulivyofanya sasa hivi. Mmoja wa waliohusika na kazi hiyo kule Google ni T. V. Raman, Mhindi asiyeona. Aliacha kuona akiwa na miaka 14, kwa presha ya macho, ugonjwa wako huohuo. Kila nikishika simu nafurahi kwamba mwenzetu alikuwemo chumbani walipokuwa wakiitengeneza.

Sasa hela. Hapa nitakaa kidogo.

Kila wakala atakuambia, "Mama, nipe simu nikusaidie." Wengi wanasema kwa huruma ya kweli. Usimpe. Kuna mmoja mtaani kwetu aliniomba namba ya siri kwa sauti mbele ya foleni, nikamwambia anisubiri, nikaibonyeza mwenyewe, na tangu hapo tunaheshimiana. Ukipiga zile nyota na reli, kisoma skrini kinakusomea orodha yote kwa mkupuo, moja mpaka ya mwisho, na menyu zile hazimsubiri mtu. Ukisikiliza hadi mwisho ndipo utafute pa kuandikia, unakuta imeshajifunga. Kwa hiyo jifunze mpangilio wake kwa kichwa ukiwa nyumbani umetulia, ujue kutuma ni namba ngapi na salio ni namba ngapi. Programu ya mtandao wako huwa na utulivu zaidi, maana haikimbizani nawe hivyo. Kabla ya kuthibitisha, utatajiwa jina la unayemtumia. Lisikilize mpaka herufi ya mwisho.

Namba ya siri usiiguse bila hedifoni. Bila hizo, simu nyingine hutaja tarakimu kwa sauti duka zima likasikia, na nyingine husema "nukta" tu usijue umebonyeza nini. Vaa sikio moja, lingine liachie watu na magari. Halafu gusa kioo kwa vidole vitatu mara moja, itafunguka menyu ya TalkBack. Tafuta humo "ficha skrini". Kioo kitakuwa cheusi tii, na simu itaendelea kusema nawe. Mimi kwenye daladala ya Majengo hukaa hivyo mwanzo mwisho, jirani yangu anaona mama ameshika simu iliyozima, kumbe nasoma. Namba hiyo ya siri ibadilishe leo. Mjukuu hajakosa kitu. Ila hela zikipungua siku moja, hata kwa sababu nyingine kabisa, mtoto asiwe wa kwanza kutazamwa. Ni kumlinda yeye pia.

Zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" utaanza kuzisikia mwenyewe. Usishtuke, na usijibu.

Kuandika ndiko kutakakokuchosha. Njia ya kawaida ni kupapasa herufi na kunyanyua kidole ukiipata. Inachelewesha, lakini inafika. Kuna alama ya maikrofoni kwenye kibodi, unasema kwa Kiswahili yenyewe inaandika. Itumie kwa maneno marefu, kisha sikiliza ilichoandika kabla ya kutuma. Mimi huandika kwa kibodi ya nukta nundu iliyomo ndani ya TalkBack tangu 2020, vidole sita juu ya kioo, kama nilivyoanza nikiwa mtoto kwenye shule ya wasioona Buigiri. Ukija nitakuonyesha, na ukitaka kujifunza nukta zenyewe nitakufundisha, lakini usingojee hilo.

Jambo moja litakuudhi, na haki yako kuudhika. Watu wanatuma picha. Tangazo la kikao cha walimu linapigwa picha ukutani, linarushwa kwenye kundi, na simu inakuambia "picha", basi. Ratiba ya mtihani, picha. Kadi ya harusi, picha. Zipo programu kama Be My Eyes zinazoweza kukueleza kilichomo, na mimi ninayo, lakini sioni kwa nini kila siku nitumie bando langu kufunua neno ambalo mtu angeliandika kwa nusu dakika. Shuleni kwetu nilisimama kikaoni nikasema: andikeni. Walisahau, nikawakumbusha, wakasahau tena. Sasa wengi wanaandika. Nawe ukirudi kazini wadai hivyohivyo, usione haya. Na urudi kazini, dada. Somo la Kiswahili hulifundishi kwa macho.

Fimbo nyeupe je? Simu inaweza kukutajia ulipo, haiwezi kukutajia mtaro. Tafuta fimbo. Njiani simu iwe ndani ya mkoba, usitembee umeishika mkononi.

Dawa za matone usiache hata siku moja kwa kuona kwamba "nimeshapofuka". Daktari alisema bado unaona mwanga na pembe kidogo. Dawa ni za kulinda hicho kilichobaki. Na ugonjwa huu hutembea kwenye familia, haumi, hauwashi, mtu hushtukia umeshafika mbali. Wanao wote na dada zako wakapimwe presha ya macho mwaka huu. Hili usiwaachie waamue, waamrishe.

Teleza, kimebaki kimoja.

Unijibu kwa maandishi. Mstari mmoja unatosha, na herufi zikipishana nitaelewa. Usimwite mtu akusahihishie. Jumamosi saa mbili usiku, baada ya Isha, nitakupigia. Simu ikiita, gonga kioo mara mbili kwa vidole viwili, itapokea. Na hivyohivyo kukata. Kama simu yako ni ya matoleo ya zamani na ikagoma, papasa sehemu ya chini mpaka usikie "jibu", ugonge mara mbili. Nitaacha iite mpaka mwisho, na isipopokelewa nitapiga tena.

Wasalimu wote. Mjukuu mwambie nitamletea zabibu.

Ni mimi mwalimu mwenzio,
wa Kikuyu