Kwa mpwa wangu anayeweka akiba ya yoyo ya titani

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu kutoka huku Viwandani. Mama yako ameniambia kwamba umeacha hata kununua mandazi shuleni ili akiba yako ifikie bei ya yoyo ya titani, na ameniomba nikuzuie. Sikuzuii. Pesa ni zako, na mtu anayejinyima kwa ajili ya kitu anachokipenda anastahili kujibiwa kwa heshima. Ila kazi yangu ni kukereza vyuma, yoyo nimezishika za kila namna, na kuna jambo ambalo video unazozitazama usiku hazikuelezi. Naliandika hapa hadharani kwa kuwa hauko peke yako. Wako vijana hapa Nairobi, Buruburu, Umoja na Kayole, wanaouliza swali lile lile ulilomuuliza mama yako: metali ipi ndiyo bora?

Ningekuomba uliweke swali hilo kando kidogo, uanze na lingine: gramu zimekaa wapi?

Yoyo nyingi za kisasa zina uzito wa kati ya gramu 60 na 70, na kipenyo cha milimita 50 hadi 60 hivi. Nafasi ya kuchezea hapo ni finyu sana. Hata hivyo unaweza kupewa yoyo mbili, zote gramu 65, zote kipenyo kimoja, na mkono wako ukakataa katakata kwamba ni uzito mmoja. Moja inashuka kwa nguvu na kukaa wima kama imechomekwa hewani. Nyingine inaelea, inakubali kugeuzwa upande wowote, lakini ukikosea kidogo inainama. Mizani haitakuambia kwa nini. Sababu ni umbali wa kila gramu kutoka katikati, na umbali huo haufanyi kazi mara moja tu, unafanya kazi kwa kipeo cha pili. Gramu iliyo milimita 25 kutoka kwenye ekseli, kile kijiti cha katikati kinachounganisha nusu mbili za yoyo, ina uzito wa mzunguko, yaani ugumu wa kuianzisha au kuisimamisha ikizunguka, mara 6 na robo kuliko gramu hiyo hiyo ikiwa milimita 10 kutoka hapo. Piga hesabu mwenyewe: 25 mara 25, gawanya kwa 10 mara 10.

Umewaona wabeba mizigo wa soko la Gikomba. Aliyekumbatia roli la nyaya kifuani anageuka kona bila shida. Mwenzake aliyebeba bomba refu begani, hata kama uzito ni ule ule, anaanza kugeuka polepole, na akishaanza, watu wampishe, kwa sababu kusimama nako ni kazi. Yoyo yenye uzito ukingoni ni yule wa bomba. Inadai nguvu zaidi unapoitupa, lakini ikishazunguka haikubali kuyumbishwa, na inaendelea kwa muda mrefu. Iliyoachiwa uzito kidogo katikati huamka upesi na hugeuka upesi.

Sasa ndipo metali inapoingia, na inaingia kama jibu la swali hilo. Chukua gramu 60 za mwili mtupu, bila beringi wala ekseli. Polikaboneti, ile plastiki ngumu ya yoyo za mashindano, ina gramu 1.2 kwa kila sentimita ya ujazo, hivyo gramu 60 ni sentimita 50 za ujazo. Hiyo ni plastiki nyingi ya kuficha ndani ya umbo dogo. Mbunifu analazimika kuijaza hata mahali ambapo angependa pawe patupu, ndiyo maana yoyo nyingi za plastiki zina kuta nene na huhisi zimejaa mkononi, na pia kwa nini zingine huongezewa pete za chuma ukingoni. Alumini ni gramu 2.7, kwa hiyo gramu zile zile ni sentimita 22 tu. Ghafla mbunifu ana nafasi. Anaweza kuuchimba mwili hadi ukuta ubaki mwembamba, kisha anachokiokoa katikati akipeleke nje. Titani ni gramu 4.4 hivi, na sasa hazifiki hata sentimita 14. Chuma kisichoshika kutu hakifiki 8.

Angalia hesabu hizo vizuri, mpwa wangu, kwa sababu zinabomoa jambo moja unaloliamini. Titani ni nzito kuliko alumini. Sifa yake inatoka kwenye nguvu zake kwa uzito, na ndiyo inayomruhusu fundi kuziacha kuta nyembamba kiasi ambacho metali laini ingepinda. Lakini yoyo ya titani tupu ni metali moja kuanzia katikati hadi ukingoni. Ukitaka mzunguko wenye nguvu kabisa, njia iliyo wazi ni kuweka metali mbili: mwili wa alumini, nyepesi, na pete za chuma ukingoni, ambako kila sentimita ya ujazo inabeba karibu mara 3 ya alumini. Umbo lile lile, uzito ule ule, na sehemu kubwa ya gramu imesukumwa mbali. Ukiishika ikiwa imetulia, haina ajabu. Ukiitupa, unahisi kidole kinavutwa na kitu kilichoamua kwenda mbele tu.

Kwa hiyo kama unaitaka titani kwa ajili ya muda mrefu wa kuzunguka, unalipia kitu ambacho pete za chuma zitakupa kwa bei ya chini.

Titani ina mambo yake lakini, nami nisingependa uidharau. Nimeikereza. Haipitishi joto haraka, hivyo joto linabaki pale pale ncha ya kisu inapogusa, na kisu kinaisha mbele ya macho yako. Lazima uende polepole, maji ya kupooza yamwagike muda wote, kisu kiwe kikali, na usiache kikawa kinasugua badala ya kukata. Alumini ya 6061, aina ya kawaida, inatoka kwa nyuzi safi siku nzima bila ugomvi. Bei ya titani unayoiona ni bei ya malighafi pamoja na saa za mashine na visu vilivyokufa njiani. Wanaokuuzia hawakuibii.

Unachopata ni ukuta mwembamba unaolia kama kengele ndogo uzi ukiugusa. Unapata uso usiotishwa na sakafu: pale alumini ingepata kovu lenye makali ya kukata uzi, titani mara nyingi hubaki na mchubuko tu. Na usiku, ukiiacha igonge saruji ikiwa inazunguka, inatoa cheche nyeupe. Hizo cheche ni nzuri kweli. Hakuna alumini itakayokupa, na kama ndizo zinazokutoa usingizi, basi sema hivyo waziwazi na uweke akiba kwa ajili yake.

Utakutana pia na watu wanaobishana kuhusu 6061 na 7075. Zote ni alumini. Ya kwanza imechanganywa hasa na magnesi na silikoni, ya pili na zinki, na ya pili ina nguvu karibu maradufu huku uzito wake ukiwa umezidi kidogo tu. Faida yake ni kwa mbunifu, anaweza kupunguza ukuta bila hofu. Mimi siamini kwamba mkono unaweza kutambua aina ya alumini yenyewe kama umbo na vipimo ni vile vile. Unachotambua ni kile ambacho mbunifu alifanya na nafasi aliyoipata.

Umbo, sasa. Kata yoyo katikati kwa mawazo yako uitazame kutoka upande. Kama kuta zinapanuka moja kwa moja kama herufi V, uzi unapata njia wazi ya kuingia, na hata ukiuzungusha mara kadhaa ndani ya pengo lililo kati ya nusu mbili haugusi ukuta sana. Kila mguso wa ukuta unakula mzunguko, kwa hiyo V inasamehe. Yenye umbo la H ina ukuta unaokaa chini, karibu na ekseli, kisha unapanda ghafla kuwa ukingo mnene. Uzito wote uko nje, ina nguvu sana, na ukingo wake unaweza kukuumiza kiganja ukiidaka vibaya. Ile ya mviringo, laini kama kokoto la mtoni, ndiyo inayopendeza zaidi kushikwa. Baadhi ya nguvu zake zimetolewa sadaka kwa ajili ya kiganja. Mimi naipenda hiyo ya mwisho. Yoyo unaishika muda mrefu kuliko unavyoitupa, na sioni kwa nini mkono usifurahi.

Upana nao ni muhimu. Za mashindano siku hizi mara nyingi zina upana wa zaidi ya milimita 40, kwa sababu pengo pana ni rahisi kulilenga kwa uzi na mwili mpana hauinami haraka. Zile ndogo za rangi zenye taa zinazouzwa barabarani mjini ni nyembamba, ekseli yake haina beringi, na mchezo wake ni wa kupanda na kushuka. Hazina ubaya. Ni kifaa cha kazi nyingine.

Kwa kweli hata yoyo kushuka na kulala, yaani kubaki chini ikizunguka, kulikuwa mapinduzi. Pedro Flores, Mfilipino aliyehamia Marekani, alianza kutengeneza yoyo California mwaka 1928, na uzi wake haukufungwa fundo kwenye ekseli, ulizungushiwa kitanzi tu. Kitanzi hicho ndicho kilichoiruhusu yoyo ibaki chini ikizunguka badala ya kurudi mara moja. Mfanyabiashara Mmarekani, Donald Duncan, akainunua biashara hiyo muda mfupi baadaye na kuisambaza. Kwa miongo mingi ilikuwa mbao na uzi wa pamba vikisuguana, na msuguano huo ndio uliokuwa kila kitu: ukiwa mwingi yoyo hailali, ukiwa mdogo hairudi.

Beringi iliuvunja mkataba huo. Kitanzi kinakaa juu ya pete ya nje ya beringi, mwili unazunguka peke yake, na yoyo ya kisasa hairudi hata ukiivuta. Lazima upige baindi, yaani uingize mkunjo wa uzi katika pengo ili ubanwe na duara mbili za silikoni, ile ya mpira laini, zilizozamishwa ukutani. Silikoni ikiwa mpya inabana kwa ukali. Ikichakaa, baindi inateleza na unabaki ukivuta hewa. Watu hununua yoyo mpya kumbe wangebadilisha silikoni.

Beringi inayotumika zaidi ina kipenyo cha ndani cha milimita 6.35, cha nje 12.7 na upana 4.76. Viwandani inaitwa R188. Ni vipimo vya inchi, kwa hiyo ukienda kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road kutafuta, taja namba hiyo, usikubali ya milimita inayokaribiana. Nyingine zimekatwa bonde kidogo juu ya pete ya nje ili uzi ukae katikati na usilale ukutani. Badiliko dogo, lakini linasikika mkononi kuliko tofauti ya alumini mbili zile wanazobishania.

Na vumbi. Vumbi la Nairobi wakati wa kiangazi linaingia kila mahali, na chembe moja ndani ya beringi inatosha kuiua. Ukisikia mkwaruzo, fungua, toa vifuniko, ioshe kwa spiriti safi, iache ikauke kabisa, kisha tia tone dogo sana la mafuta mepesi. Mafuta mengi yatafanya irudi yenyewe. Ukifunga tena, usikaze kwa hasira. Ekseli ni skrubu, na alumini iliyotobolewa nyuzi za skrubu inachoka. Nusu mbili zikikaa upande hata kwa kiasi kisichoonekana kwa jicho, mtetemo utausikia ukiigusa kwa kucha ikizunguka.

Uso wa yoyo nao una kazi. Alumini hupitishwa umeme ndani ya asidi ili ipate ngozi ngumu ya oksidi, na ngozi hiyo ndiyo inayoshika rangi. Kabla ya hapo nyingi hupulizwa chembe ndogo za kioo. Uso ule wenye chembechembe unagusa ngozi kidogo, hivyo yoyo inaweza kuzunguka juu ya mkono wako bila kushika. Iliyong'arishwa kama kioo inavutia dukani, ila joto la Februari likija na kiganja kikatoa jasho, itakwama papo hapo.

Uzi sina mengi. Polista, ubadilishe ukianza kuota manyoya, na uukate yoyo ikiwa sakafuni, kwenye usawa wa kitovu.

Ushauri wangu ni huu. Tafuta yoyo ya alumini ya 6061, metali moja, umbo la wastani, upana wa kutosha. Mchezaji Mmarekani Gentry Stein alishinda ubingwa wa dunia Prague mwaka 2014 akiwa na yoyo ya namna hiyo, Shutter, bila titani wala pete za chuma. Pesa zitakazobaki nunua nyuzi, silikoni na beringi ya akiba. Kisha cheza hadi mkono wako uweze kukuambia unataka uzito zaidi ukingoni au katikati. Ukijua hilo, nenda kwenye titani ukitaka, utaichagua kwa umbo lake.

Jumamosi nafunga karakana saa saba mchana. Njoo na ile yako ya plastiki, na usifungue beringi kabla hujafika, tutaiosha pamoja. Mezani nitaweka mbili, zote gramu 65, moja alumini tupu na nyingine ina pete za chuma zilizofichwa chini ya rangi moja. Utazitupa zote mbili kisha uniambie ipi ni ipi. Mwambie mama yako utachelewa kurudi.

Ni mimi,
Mjomba wako