Vepu: tuachieni sisi vijana tuongee na wenzetu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Nina miaka 17, mimi na wenzangu sita tuna kaklabu ketu shuleni ka kuwashawishi wenzetu waachane na vepu (zile sigara za kielektroniki) na fegi, hatulipwi na wala hatuna hata tisheti.

Kinachonikera ni hiki, wakubwa wakija kuongea nasi ni ile ile picha ya mapafu meusi halafu "mtakufa na kansa". Sasa mtoto wa miaka 14 ukimwambia ugonjwa utakaompata akiwa na 60 si anakuona unamtisha tu? Na anayevuta vepu ana jibu lake tayari, hii sio sigara bwana, haina moshi, ni mvuke tu wa stroberi. Mgeni hapo kaishiwa maneno.

Sisi ndo tunaanzia hapo. Ule sio mvuke wa maji, ni vitone vidogo sana vya kile kimiminika kilichopashwa moto, na mara nyingi ndani mna nikotini, tena siku hizi wanaweka ile inayoitwa nikotini ya chumvi (sio chumvi ya chakula) ambayo haikwaruzi koo, kwa hiyo unavuta nyingi bila kushtuka. Na ubongo unaendelea kujengeka mpaka karibu miaka 25 ndo maana kijana ananasa haraka kuliko mtu mzima. Kama mtu anabisha namwambia amwangalie rafiki yake anayeomba ruhusa ya chooni kila kipindi, na anavyokuwa mkali akinyimwa.

Ila kinachowauma wenzetu zaidi sio hata hicho, ni kugundua kwamba wanachezewa. Mwaka 1984 kampuni ya sigara ya RJ Reynolds ya Marekani iliandika kwenye ripoti yake ya ndani kwamba wavutaji wenye umri mdogo ndio chanzo pekee cha kupata wavutaji wapya wa kuziba mapengo, yaani wengine wanakufa, wengine wanaacha, basi lazima waje wengine. Nikisoma hiyo darasani wananyamaza wote hadi wale wa benchi la nyuma. Kijana kuambiwa atakufa anaweza kucheka, lakini kufanywa mjinga hakubali.

Na hatujagundua sisi hii njia. Jimbo la Florida, Marekani, mwaka 1998 vijana walipewa kampeni wakaiongoza, wakayasema makampuni wazi wazi badala ya kuwahubiria wenzao, na kufikia 2000 wavutaji wa shule za kati (watoto wa kama miaka 11 hadi 14) walishuka toka asilimia 18.5 hadi 11.1. Sawa, pesa zilikuwepo, za kesi ambayo jimbo liliyashtaki makampuni ya sigara, sikatai kwamba pesa inasaidia.

Sasa mhariri, kila tarehe 31 Mei, siku ya kutotumia tumbaku, mnatoaga habari ya hotuba ya mgeni rasmi na picha ya kipisi cha sigara. Safari hii tupeni sisi nusu ukurasa, tutaandika wenyewe, na tutaleta mapema.

Mwanafunzi, msomaji wenu