Barua ya Kufunga Muhula: Watoto Wetu na Sakramenti ya Kitubio

Wapendwa Wazazi na Walezi,

Muhula wa kwanza umekamilika salama, na ripoti za wanafunzi mtakabidhiwa na walimu wa darasa. Nafasi iliyobaki naomba niitumie kwa jambo linalowahusu zaidi wazazi Wakatoliki, yaani Kitubio, watoto wetu wanapoungama dhambi zao kwa padre; wengine, wakiwemo ndugu zetu Waislamu, mtaniwia radhi.

Mwishoni mwa Kwaresima, mtoto wa Gredi ya 4 aliyekuwa akijiandaa kuungama alinionyesha karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Dhambi zake zilikuwa zimeorodheshwa humo kwa mwandiko wa mtu mzima, na ya tatu ilikuwa "ninakojoa kitandani". Kukojoa usingizini si dhambi. Dhambi hutendwa kwa kujua na kwa kutaka, ndiyo maana Papa Pius X, alipoelekeza mwaka 1910 kwamba watoto waanze kuungama na kupokea Komunyo wafikapo miaka 7 hivi, alichokizingatia ni mtoto kuwa ameanza kupambanua mambo kwa akili yake. Mtoto yule alikuwa ametumwa kupeleka mashtaka ya nyumbani.

Nawasihi basi tuache ile kauli ya "ngoja, nitakusemea kwa padre". Mtoto anayeisikia mwaka mzima hupiga magoti akitetemeka, akataja madogo na kulificha lile linalomlemea. Mwelezeni mapema kwamba padre amefungwa na siri ya maungamo, hawezi kumwambia mzazi, mwalimu wala hakimu, na akiivunja moja kwa moja hutengwa na Kanisa papo hapo. Kwa sababu hiyo hiyo, mtoto akitoka asiulizwe alichosema wala sala au tendo la kitubio alilopewa. (Mimi mwenyewe niliwahi kumuuliza mwanangu. Akanijibu, "Mama, hiyo ni siri," nikanyamaza.)

Likizo hii, msimulieni habari za yule baba wa mwana mpotevu katika Injili ya Luka 15, aliyemkimbilia mwanawe kabla kijana hajafungua kinywa, na asimwache hata amalize maneno aliyoyapanga njiani. Kisha nendeni pamoja, iwe parokiani kwenu au Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu pale barabara ya Nkrumah, Mombasa, nanyi mtangulie kwenye foleni, amwone mzazi wake akiungama. Akiisahau Sala ya Majuto, padre atamsaidia. Na karatasi, kama anaihitaji, aiandike kwa mkono wake, na akishatoka aichane.

Wenu katika Kristo,
Mwalimu Mkuu