Manesi nao wasikilizwe kabla kisu hakijashikwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako. Kila tarehe 17 Septemba ni siku ya usalama wa mgonjwa duniani, tunavaa tisheti, tunapiga picha na mgeni rasmi, kesho yake wodini mambo yaleyale. Mimi ni nesi mkoani Morogoro na kinachoniuma ni kwamba wagonjwa wanaumia kwa sababu sisi wenyewe hatuongei.

Tumeshasahau ya Muhimbili 2007, pale taasisi ya mifupa MOI? Wagonjwa wawili majina yanafanana, wa goti akapasuliwa kichwa na wa kichwa akapasuliwa mguu. Halafu 2018 hospitali ya Kenyatta kule Nairobi, mtu alikuwa na uvimbe tu wala hahitaji kisu, akafunguliwa kichwa badala ya mwenzie mwenye damu iliyoganda, wamekuja kushtuka masaa yameshaenda na hiyo damu hawaioni. Sasa pale nani alikuwa hajui kupasua? Wote wanajua, ila hakuna aliyeuliza kwa sauti jamani huyu ndo nani.

Na dawa yake ipo siku nyingi. Shirika la Afya Duniani lilitoa cheklisti ya upasuaji 2008, yaani orodha ya kuhakiki, vipengele 19, mnasimama mara tatu: kabla ya nusu kaputi, kabla ya kuchana, na kabla mgonjwa hajatoka thieta. Ilijaribiwa kwenye miji 8 na mmojawapo ni Ifakara, hapahapa kwetu, pamoja na London, Toronto na Manila huko, vifo vikashuka kutoka 1.5 mpaka 0.8 kwa kila wagonjwa 100. Mojawapo ya vipengele ni kila mtu kutaja jina lake na kazi yake, na watu wanakiona cha kitoto hicho! Nimeona sehemu nesi anatiki karatasi nzima peke yake na mgonjwa ameshashonwa zamani.

Ila karatasi sio tatizo, tatizo ni vyeo. Nesi mdogo akisema "samahani dokta, naomba tuangalie faili tena" anajibiwa "kwani daktari ni wewe au mimi?" mbele ya watu, basi siku nyingine akiona kitu anameza mate tu. Na kukabidhiana zamu ndo usiseme, ripoti inatolewa mezani harakaharaka mwenzako ameshabeba mkoba anawahi daladala, wakati ilitakiwa mpite kitanda kwa kitanda mgonjwa mwenyewe akisikia, maana yeye ndo wa kwanza kusema hapana sista, mimi sio wa drip hiyo.

Waganga wafawidhi wapange zamu zipishane hata nusu saa, waliochoka wasikabidhi huku wanakimbia. Na thieta anayepasua ndo aanze yeye kujitaja jina na kuuliza kama kuna mwenye wasiwasi, wadogo watafuata wenyewe.

Nesi wa zamu,
Morogoro