Barua ya wazi kwa vijana wa kamera wa Mji Mkongwe

Wanangu,

Assalamu alaykum. Nimezitazama filamu zenu, zile fupi zisizo na hadithi wala mazungumzo, picha zikipishana na sauti ya bahari na ya cherehani. Wazee wenzangu waliguna kwamba hawajaambulia kitu. Mimi zilinikaa moyoni. Aliyeshika patasi maisha yake yote haoni shida kutazama kitu kisicho na hadithi, maana hata ubao wa mlango hauna hadithi, una mwendo. Na kwa kuwa nimezipenda, nina neno nanyi.

Kila filamu yenu ina mlango. Unatokea, unapita, basi, kama lile pazia la nyuma katika studio za picha. Hebu siku moja msimame mbele ya mlango wa zamani, uso shubiri moja kutoka kwenye mbao. Pembeni mwa fremu kuna mnyororo uliochongwa, unapanda kutoka chini. Ufuateni kwa jicho, pete moja moja. Chini pete zote ni sawa. Mkikaribia kona ya juu, katika milango mingine mtaona zimeanza kubanana, na ya mwisho ni nyembamba kuliko wenzake. Fundi aliona mapema kwamba nafasi haitatosha, akaanza kupunguza kidogo kidogo kabla hajafika konani. Pale pana mtu anayefikiri, na fikra yake imebaki kwenye mti. Kamera ina uwezo wa kutuonyesha hilo, nanyi mnakaa hapo sekunde mbili.

Nyumba zenyewe ni vivyo hivyo. Ukuta ni jiwe la matumbawe na chokaa, dari ni boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba, upana wake kama mita tatu hivi. Mkikipiga chumba kama hicho kwa lenzi pana kinageuka ukumbi wa hoteli, na mkoko umetoweka. Wacheni chumba kibane. Lamu mafundi waliujua ubano huo, wakapanga safu za zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, za chokaa kwenye ukuta wa ndani, na chumba chembamba kikaonekana kina kina zaidi. Pambo pale lina kazi. Anayewaambia kwamba ujenzi ni kitu kimoja na nakshi ni kingine hajawahi kulala katika nyumba hizo.

Mnajua yaliyotupata tarehe 25 Desemba 2020. Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu la hapa Mji Mkongwe, iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, sehemu yake ya mbele iliporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakafariki. Baada ya hapo picha za kifusi zilienea kote. Lakini nani alikuwa amewahi kupiga picha ya kichwa cha boriti kinachooza ndani ya ukuta kwa sababu ya maji ya mvua? Nani ametuonyesha ukuta wa matumbawe uliopigwa plasta ya saruji, unyevu ukakosa pa kutokea, chumvi ikasukuma plasta mpaka ikabanduka? Hayo huchukua miaka. Nyinyi mnaopenda kucheza na muda, hiyo ndiyo kazi yenu. Wekeni kamera mahali pamoja, rudini kila baada ya masika.

Na msidhani sanaa yenu iko mbali na ya mikono. Kuna mtu aliyeitwa Len Lye, mzaliwa wa New Zealand, aliyewahi kuishi Samoa na kuvutiwa sana na sanaa za watu wa Pasifiki. Baadaye akaenda London, na mwaka 1935 akatoa filamu aliyoipaka rangi moja kwa moja juu ya utepe, bila kutumia kamera. Mkanda wa filamu ulikuwa kwake kama ubao ulivyo kwangu. Nawasihi mmoja wenu ajaribu: achukue mchoro wa ukili au tundu za kofia ya mkono, aupange picha kwa picha, aone utakwendaje.

Mkienda kwa akina mama wanaosuka na wanaoshona, pigeni hodi, kaeni, na siku ya kwanza kamera ibaki mkobani. Kofia moja nzuri hula miezi. Msimharakishe bibi wa watu ili mpate mwanga wa jioni. Mlipeni siku yake, na kazi ikiisha mrudi mkamwonyeshe yeye kwanza, kabla ya tamasha lolote.

Jambo moja limeniuma. Mwisho wa filamu majina yanapopanda, naona la mpiga picha, la mhariri, hata la aliyeleta chai, na ni haki yao. La aliyeshona kofia sijaliona hata mara moja. Liandikeni. Na kama fundi wa mlango hajulikani, andikeni mtaa na mlango wenyewe, mseme aliyeuchonga jina lake halikuhifadhiwa.

Karakana yangu iko wazi kila siku baada ya sala ya alasiri.

Wasalaam,
Mzee wenu, fundi mchongaji
Malindi, Unguja