Mizinga au forodha?

Unguja Mjini

Shoga yangu wa Wete,

Asalaam aleikum. Huku sote wazima, alhamdulillahi. Barua yako imefika, na ule ubishi wako kwamba Seyyid Said, yule sultani wa Oman aliyehamia Unguja, alitawala kwa mizinga nimeusoma nikacheka peke yangu. Mizinga alikuwa nayo, Mazrui waliotawala Mombasa waliionja. Lakini Tabora na Ujiji alikuwa na askari wangapi? Kule ilikwenda misafara ya pembe za ndovu, wapagazi Wanyamwezi na shanga na merikani, kitambaa cha pamba cha Marekani, mabegani, na jina la Seyyid likafuata nyuma ya mizigo. Pembe zikishuka pwani zikavuka kuja Unguja, na ushuru ukalipwa hapa. Ndipo ulipokuwa ufalme, shoga.

Na hiyo forodha yenyewe hakuishika yeye! Aliikodisha. Tangu miaka ya 1830 ilikuwa mikononi mwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Banyani wa Kutch, India: Jairam humpa Seyyid kiasi walichopatana kwa mwaka, kinachozidi ni chake Jairam. Majid, mwana wa Said aliyemrithi huku Unguja, alipofariki 1870, dola ilikuwa inadaiwa na nyumba hiyo fedha nyingi mno. Sasa niambie, nani alimtawala nani?

Tazama na Oman. Said alifariki 1856, wanawe wakagombana, Waingereza wakaamua 1861 Majid abaki na Zanzibar na nduguye abaki na Oman, ila Zanzibar iilipe Muscat, mji mkuu wa Oman, riale 40,000 kila mwaka. Tawi linalipa shina! Biashara ilikuwa imeshahamia huku, na fedha zikahama nayo.

Ila lipo jambo wewe wa Pemba hulitaji. Wengi waliosafiri katika ufalme ule hawakusafiri kwa hiari. Tufani ya 1872 iling'oa mikarafuu ya Unguja, yenu kwa sehemu kubwa ikasalimika, na mashamba ya Pemba yakataka mikono zaidi. Mwaka uliofuata Barghash, nduguye Majid aliyemrithi, kwa kubanwa na Waingereza, akalifunga soko la watumwa la Mkunazini. Majahazi yakaendelea kuwashusha watu kwenu kwa siri. Tukisifu karafuu, tuseme na nani aliyezipanda na kuzichuma. Mimi hilo halinipi raha, na sidhani linakupa wewe.

Nijibu upesi, na ukiwa bado na mizinga yako, ilete na ushahidi. Mama nisalimie sana.

Shoga yako